Sauti Chini ya Sala

Kwa miaka kumi na mmoja kiwanda cha nguo kilimlipa Penina binti Mseti kwa ajili ya macho yake. Alisimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini, kitambaa kikipita juu yake mita baada ya mita, naye anatafuta kasoro: uzi uliokatika, tone la mafuta, ua la kanga lililochapwa nje ya mstari wake. Wasichana wengine waliumwa vichwa wakaomba kuhamishwa. Yeye alibaki. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa upande wa Tarime, na baba yake alimzoesha tangu mdogo kutazama ng'ombe mia wakipita mlangoni na kusema ni yupi anayechechemea.

Pale kiwandani alijifunza jambo moja ambalo hakulisoma popote. Kasoro inayorudi kila baada ya umbali uleule imetoka kwenye mashine. Pima ule umbali, utaijua hata rola yenyewe. Kasoro isiyo na mpango imekuja na pamba.

Halafu vipuri vikakosekana, umeme ukawa wa mgao, mashine zikasimama moja baada ya nyingine. Mwaka 1994 Penina alipewa kiinua mgongo na barua, akarudi Bweri, pembeni ya mji wa Musoma, kwenye vyumba vyake viwili vya bati. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa ameshahamia Mwanza na kuoa huko. Binti yao Ghati alikuwa shule ya bweni. Majirani walidhani Mama Ghati atafungua genge la nyanya.

Lakini zile zilikuwa enzi za ruksa. Watu waliopanga foleni ya sabuni miaka kumi nyuma sasa waliona redio, deki za video na televisheni zimepangwa madukani kama mikate, zimetoka Dubai, nyingine zimepitia mpakani Sirari. Kila harusi ikataka kupigwa video. Kituo cha televisheni kilikuwa hakijafika Mara, kwa hiyo watu wengi wa Musoma walijiona wenyewe kwenye kioo kabla ya kumwona mtu mwingine yeyote.

Aliyepiga video hizo alikuwa Wenceslaus, kijana wa Nyegina aliyeanza na picha za pasipoti. Alikuwa na kamera ya kubeba begani, iliyotumika sana kabla haijamfikia. Alichokipiga ndicho alichokabidhi: saa tatu nzima, nusu saa ya miguu ya watu, robo saa ya mbingu pale aliposahau kuizima. Penina alikaribishwa kiti kwenye onyesho la video ya harusi ya jirani, akatazama mpaka mwisho.

"Wensi," akamwambia, "hiki ni kitambaa ambacho hakijakaguliwa."

Kesho yake alichora nyuma ya kalenda kitu alichokiita laini, kama walivyosema kiwandani. Meza ya kwanza, kukagua: kutazama kanda yote na kuandika kwenye daftari namba za kaunta ya deki, wapi pazuri, wapi pabovu. Meza ya pili, kukata: deki moja inacheza, nyingine inarekodi, vipande vinafuatana kwa mpango. Ya tatu, majina: kompyuta ndogo iliyofanana na taipureta, iliyoandika majina ya maharusi juu ya picha. Ya nne, sauti: mikstaa ya kuchanganya sauti, hedifoni, na kanda za muziki. Ya tano, nakala. Kila meza inapokea kutoka ile iliyotangulia, hakuna kuruka. Na kanda iliyotoka kwenye kamera, aliyoiita kanda mama, haiguswi wala kufutwa mpaka mteja aseme ameridhika.

Wenceslaus alicheka. "Dada Penina, hii ni harusi, si kanga."

"Sawa. Lete harusi moja uone."

Alileta. Baada ya miezi mitatu walikuwa hawana nafasi Jumamosi, kuanzia Musoma mpaka Butiama, kutoka Bunda mjini mpaka Nyamuswa. Penina alifanya kazi mchana, umeme ulipokuwepo, mlango umefungwa ili mwanga usikiharibu kioo, bati juu yake likialika kwa jua.

Sauti ya kwanza aliisikia Juni 1995, katika harusi ya Butiama. Alikuwa kwenye meza ya nne. Watu wameinamisha vichwa, mchungaji amenyamaza kidogo kuvuta pumzi, na chini ya ule ukimya mzee mmoja akasema polepole, "...yule mwenye pembe moja msimuuze..."

Penina aliangalia kioo. Hakuna mdomo uliokuwa ukitembea. Akadhani ni mzee aliyekaa nyuma ya kamera, akaweka muziki wa kwaya juu yake, akaendelea.

Ya pili ilikuwa ya mwanamke, katika sherehe ya kumuaga binti huko Nyamuswa. Watu walisimama dakika moja kumkumbuka bibi wa bi harusi, na katika dakika ile mwanamke alikuwa anataja majina ya watoto. Saba. Alipofika la saba alirudi la kwanza, akaanza tena. Penina alirudisha kanda mara nyingi mpaka naye akayajua yale majina. Nywele za mikono zilimsimama, na ilikuwa saa saba mchana, nje wanawake wanagombea bomba.

Akafanya alichojua. Alichukua kanda mpya kabisa iliyokuwa kwenye nailoni yake, akapiga video ukuta wake, mchicha wake, kuku wa jirani, kwa kamera ileile. Akaipitisha kwenye meza zote tano. Ikatoka safi. Kisha akaichukua kanda mama ya Nyamuswa, akaenda nayo kwa jirani mwenye deki nyingine. Majina saba yalikuwemo. Sauti haikurudi kwa umbali sawa, haikuwa ya rola yoyote. Ilikuja na pamba.

Kanda zile walizinunua kwa Mhoja, muuza spea za redio mjini Bunda: katoni ya kanda ishirini na nne, zimetumika lakini nzuri, bei ya kutupa. Penina alipanda basi akaenda kumuuliza. Mhoja hakuficha kitu. Alizipata kwenye mnada, nyumba moja ya kutunza wagonjwa ilipofungwa na wafadhili kurudi kwao. Akamwelekeza kwa Skolastika, nesi mstaafu aliyekuwa akifanya kazi pale.

Skolastika alikuwa akipukuchua mahindi. Aliposikia habari ya kanda mikono yake ilisimama.

"Walisema zitahifadhiwa," akasema.

"Kuna nini humo, mama?"

"Watu. Miaka ile ya themanini na tisa, tisini, tisini na moja. Ugonjwa ule, unaelewa, watu hawakuutajaga jina. Wagonjwa wengine walikuwa wa huko ng'ambo, wa vijiji vya kandokando ya ziwa, wanaletwa usiku ili wasionekane. Wengi walikuwa hawajui kuandika. Sista alikuwa na kamera. Aliyetaka kuacha neno kwa watoto wake alikalishwa kwenye kiti, akasema. Kila mtu na kanda yake. Sista akaondoka, na zile kanda hakuna aliyezipeleka."

"Na wale watu?"

Skolastika alimtazama kama mtu aliyeulizwa mvua hunyesha kutoka wapi. "Mama, si nimekuambia?"

Penina alirudi Musoma na maelezo kamili. Kamera ya Wensi ilikuwa imechoka; sehemu yake ya kufutia sauti ilifuta juujuu tu. Kelele za harusi zilizifunika zile sauti, lakini watu wakinyamaza zinasikika. Maelezo yalikuwa sahihi na hayakumsaidia chochote. Kanda kumi na mbili zilikuwa tayari zimeshakwenda kwenye makabati ya watu, na ya kumi na tatu ilikuwa imeshapigwa harusi. Kumi na moja zilibaki kwenye katoni, chini ya meza ya kwanza, na alipokaa hapo miguu yake iliigusa. Akaisogeza ukutani. Wiki iliyofuata akaikuta miguuni tena. Alijua ni yeye mwenyewe aliyeivuta wakati akifagia, akaisogeza tena.

Kanda ya kumi na tatu ilikuwa ya mzee Bernado wa Nyegina, mfanyabiashara wa samaki, aliyemwozesha binti yake kwenye nyumba yake mpya ya saruji. Aliacha agizo moja.

"Sala ya chakula usiiwekee muziki, Mama Ghati. Padri aliombea na nyumba yangu. Nataka kila neno lisikike."

Penina alifika kwenye sala ile siku ya Jumanne. Turubai la bluu, watu wamesimama, padri amenyoosha mikono. Padri yule alikuwa mtu wa kuomba taratibu, anayetua baada ya kila neno. Na kila alipotua, mwanamke alisema.

Mwanzoni yalikuwa maneno mawili matatu. Penina alivaa hedifoni, akapunguza besi, akapandisha sauti, akaandika kipande kwa kipande kwenye daftari, kama alivyoandika namba za kaunta. Ilimchukua mpaka saa tisa. Alipounganisha, yakawa haya:

"Naitwa Marcelina, mke wa marehemu Thadeo, hapa Nyegina. Haya ni ya mtoto wangu Esta, akikua. Watakuambia huna kitu. Shamba letu linaanzia mwamba uliopasuka, pale tulikuwaga tunaanika furu, wale samaki wadogo, kabla sangara hajawamaliza. Linashuka mpaka mikuyu miwili karibu na maji. Ni miwili, mwanangu, sio mmoja. Halafu linageuka, linapanda juu, mpaka..."

Hapo padri akasema amina, watu wakaitikia, na vigelegele vikalipuka. Vilipoisha mwanamke alikuwa anasema habari nyingine, ya sufuria na blanketi, kwa sauti iliyochoka.

Penina alivua hedifoni. Kwa muda hakuwa na hakika kama sauti imekwisha. Alizima mashine zote, akafungua mlango, akasimama juani.

Wenceslaus alipokuja jioni alimuuliza, "Thadeo wa Nyegina unamjua?"

"Si ndugu yake mzee Bernado? Mdogo wake. Walifariki yeye na mkewe, kwa kufuatana. Kwa nini?"

"Shamba lake liko wapi? Lenye mwamba uliopasuka."

Wensi aliweka begi la kamera chini. Kisha akasema, "Pale nilipoweka kamera palikuwa na mwamba. Mkubwa, una ufa katikati. Nilisimama juu yake ili nipate turubai lote."

Penina akafungua daftari, akamsomea maneno yale mpaka yanapokatika. Wensi akasikiliza, kisha akasema, "Weka muziki, dada. Weka kwaya yoyote, mwambie mashine imeharibu. Tutakula wapi sisi?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Kanda kumi na mbili alishaziwekea muziki, na hakuna mteja aliyelalamika. Siku mbili alizunguka na jambo hilo. Aliweka kwaya, akasikiliza: ilikuwa kazi safi, hata yeye hakusikia kitu. Na kila alipoirudia, jicho lake lilikwenda kwa padri, likasubiri pale anapotua, na sikio likajaza maneno yenyewe. Alhamisi akaiondoa kwaya.

Mzee Bernado alifika Ijumaa, adhuhuri, amevaa koti.

"Kazi imeisha?"

"Imeisha, mzee. Ila kuna kitu usikilize kwanza. Karibu ukae."

Alimvalisha hedifoni, akabonyeza. Alimtazama uso, kwa macho yaleyale ya kiwandani. Mwanzoni mzee alitabasamu kumwona padri. Halafu tabasamu likabaki mahali pake lakini hakuna aliyelishikilia. Alipofika kwenye vigelegele alivua hedifoni taratibu, akageuka kuangalia mlango nyuma yake.

"Amekuja lini hapa?" akauliza.

"Nani, mzee?"

"Shemeji."

"Hajaja, mzee. Si alishafariki?"

"Najua amefariki. Nimemzika mimi. Nimekuuliza amekuja lini."

Penina akamweleza: katoni, mnada, nesi, kamera iliyochoka. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua. Mzee alisikiliza mikono iko magotini.

"Kwa hiyo siku ile padri anaomba, yeye alikuwa anaongea."

"Hapana, mzee. Yeye aliongea zamani, mwaka tisini na moja."

"Lakini nikiiweka kanda, wanaongea pamoja."

"Hapo ndiyo. Wanaongea pamoja."

"Basi." Akafuta uso kwa kitambaa. "Ifute."

"Nikifuta hiyo sauti, sala nayo inaondoka. Haziachani."

Mzee alikunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. Nje mtu alikuwa akipitisha punda, kwato zikagonga kokoto mpaka zikapotelea. Kisha mzee akachukua hedifoni mwenyewe, akazivaa.

"Irudie."

Aliisikiliza mara nne. Ya nne midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na sauti. Akainuka, akaaga kwa heshima, akaondoka bila kanda. Penina alimkimbilia nayo mpaka barabarani. Mzee aliitazama mkononi mwake na kuvuta mkono wake nyuma.

Baada ya hapo Wenceslaus alileta habari kutoka nyumbani kwao. Mzee Bernado ameacha kwenda mwaloni kupokea samaki. Mchana, jua likiwa utosini, anaonekana kwenye mwamba uliopasuka. Anashuka mpaka mikuyu, anaugusa wa kwanza, anaugusa wa pili. Halafu anapanda juu, hatua ishirini, thelathini, anasimama. Anakaa pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Anarudi kwenye mwamba, anaanza upya. Watu wa nyumba yake walimwita kula, hakujibu.

"Nimemsogelea mwenyewe," Wensi alisema. "Anasemaga, 'mpaka wapi, mpaka wapi.' Dada, mimi kamera sitainua tena kabla hujasikiliza kanda."

Penina ndiye aliyemtafuta Esta. Haikuwa kazi ngumu. Msichana wa miaka kumi na tisa aliyelelewa na mama mdogo, anashona kwa cherehani ya watu kwenye baraza huko Bunda. Alikuja Bweri Jumatatu, mwembamba, mkimya, kitambaa cha kichwa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Alisikiliza sala. Hakulia. Aliuliza swali ambalo Penina alikuwa analiogopa.

"Picha yake hakuna?"

Ilikuwepo. Kanda ni ya saa tatu, na harusi ya mzee Bernado iliishia saa mbili na dakika hamsini na sita. Wensi alipozima kamera, kilichokuwa chini yake kilibaki. Penina alishakitazama mara moja, akaapa hatakitazama tena peke yake.

Aliisogeza kanda mpaka kwenye maharusi wakiingia kwenye gari. Mlango wa gari ukafungwa, kioo kikachafuka michirizi, na Marcelina akawa amekaa hapo. Kiti cha mbao, ukuta mweupe, shuka mabegani. Macho tu ndiyo yaliyokuwa makubwa. Alitazama mbele moja kwa moja, hakusema, kifua kikipanda na kushuka, na alivyotazama ungesema anaona chumba kile cha bati na wanawake wawili waliomo.

Esta alisogea akaweka kiganja kwenye kioo. Kioo kilialika kama vioo vya televisheni vinavyoalika, na nywele ndogo za mkono wake zikasimama.

"Nimalizie hapo," Marcelina akauliza, "au niendelee?"

Sauti ya mwanamke mwingine, pembeni, ikamjibu, "Endelea, mama. Kanda bado ipo."

Marcelina alivuta pumzi, akafungua mdomo. Kanda ikaisha.

Esta hakuondoa mkono. "Aliendelea kusema nini?"

"Sijui, mwanangu. Iliishia hapo."

Wiki mbili baadaye walikutana Nyegina: mwenyekiti wa kijiji, wazee watatu, Esta na mama yake mdogo, Penina na Wensi kwa sababu ndio walioileta kanda. Hakuna aliyehitaji kuicheza. Mzee Bernado alikuwa amekonda, koti lilimning'inia. Aliwaongoza bila kuulizwa. Mwamba. Mikuyu, wa kwanza na wa pili. Akageuka, akaanza kupanda.

Alifika pale alipozoea kusimama. Mwenyekiti akasema, "Hapa ndipo maneno yanapokatika, mzee. Wewe ndiye unayejua. Mpaka wa tatu uko wapi?"

Bernado alisimama akisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja. Hapakuwa na upepo. Kisha akatembea. Alipita mihogo yake, akapita banda la mbuzi. Mkewe aliyekuwa jikoni alitoka na mwiko mkononi. Alipita ukuta wa nyumba ya saruji, upande wa nyuma, akaendelea hatua kumi nyingine, akachomeka fimbo chini.

Nyumba yote ilikuwa ndani ya shamba la Thadeo.

"Baba Keraryo!" mkewe alimpigia mzee kelele. "Nani amekuambia ni hapo?"

Mzee akawatazama wote mmoja mmoja, kama anayeshangaa kwamba wanauliza. "Si amesema sasa hivi?"

Hakuna aliyejua, wala hajulikani mpaka leo, kama mzee alisema kweli aliyokuwa ameificha, au hofu ilimfanya atoe kisichodaiwa. Esta ndiye aliyemaliza shauri. Alisema mwamba, mikuyu na mteremko vinamtosha, nyumba ya baba mkubwa ibaki ya baba mkubwa. Mpaka ulipitishwa kando ya ukuta wa nyumba, kwa nje. Mzee Bernado alikubali, lakini alihamia kulala kwenye kibanda cha nyavu karibu na maji, na ile nyumba ya saruji hakuiingia tena isipokuwa siku walipomwingiza amebebwa.

Penina aliendelea na laini yake, na meza ya sita aliiweka kabla ya ya kwanza: kusikiliza kanda kabla haijaingia kwenye kamera. Zile kumi na moja hakuzitumia. Yeye na Skolastika walizisikiliza moja moja, wakaandika majina, wakapeleka nane kwa wenyewe. Habari ilisambaa. Watu wakaanza kuja Bweri kuuliza kama wa kwao yumo, na wengi aliwaambia ukweli kwamba hayumo.

Mwanzoni mwa 1997 alikuja mama mmoja kutoka Butiama na kanda ya kipaimara cha mwanawe. Kanda mpya, Penina alikumbuka kuichana nailoni kwa meno. Alimweleza hivyo. Mama yule, aliyekuwa akimtafuta marehemu mama yake mzazi, alimwomba aicheze tu, pale kwenye sala. Wakavaa hedifoni wote wawili. Penina alipunguza besi, akapandisha sauti mpaka mwisho, akafumba macho. Alisikia padri. Padri alipotua alisikia mchakacho wa kanda, kama mvua ya mbali kwenye bati, na si kingine.

Alifumbua macho kumwambia pole. Mama yule alikuwa ameinamisha kichwa, anakitikisa taratibu, anaitikia.

"Ndiyo," alikuwa akisema. "Ndiyo, mama. Nimesikia."